Sifa za Mkwamuaji

Kutoka Marree, Australia Kusini, hadi Birdsville, Queensland, kuna barabara ya changarawe na vumbi yenye urefu wa kilomita 517 hivi. Magharibi mwa Birdsville linaanza jangwa la Simpson, lenye matuta ya mchanga zaidi ya 1,100 yaliyojipanga sambamba. Huko ndiko anakofanya kazi fundi ninayetaka kumsifu: mtu mwenye lori, winchi, koleo na madumu ya maji, anayepigiwa simu ya setilaiti usiku kuambiwa kuna gari limezama mchangani na wenyewe wamo ndani.

Wengi hudhani ufundi wake uko kwenye nguvu za injini. Mimi nauona kwenye utaratibu wake: watu kwanza, ardhi ya pili, gari mwisho. Akifika hakimbilii kamba. Anagawa maji, anafunga turubai watu wapate kivuli, anauliza nani anaumwa na nani ameishiwa dawa. Kisha anashuka kwa miguu, anakanyagakanyaga mchanga, anatafuta palipo pagumu pa kuegesha lori lake. Huo si woga. Naye akinasa, wa kuja kumtoa huenda akafika kesho kutwa.

Kazi ya mikono huanza kwa kupunguza upepo. Tairi linalobeba psi 35 kwenye lami hushushwa hadi kama 16, likajitandaza na kupita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mara nyingi hilo pekee linatosha. Lisipotosha, koleo linaingia: mchanga unaondolewa mbele ya kila gurudumu na chini ya difu. Winchi inahitaji pa kushika, na juu ya matuta hakuna mti. Basi fundi anachimba shimo refu, anafukia gurudumu la akiba, na gurudumu hilo ndilo linalobeba uzito wa gari zima. Juu ya waya analaza koti zito, ili ukikatika uanguke chini usimchape mtu. Kamba ya kuvutia huifunga kwenye chesisi, kamwe si kwenye kile kitufe cha chuma cha kukokotea trela. Kitufe hicho kikikatika huruka kama risasi, na kimeshaua watu. Hamruhusu mtu yeyote kusimama karibu, hata mwenye gari anayetaka sana kusaidia.

Ujuzi huu una wazee wake. Watu wa Wangkangurru waliishi ndani ya Simpson kwa maji ya visima walivyovichimba wenyewe, na kwa miaka mingi polisi wa Australia waliwategemea wenyeji asilia kusoma nyayo za waliopotea. Kuanzia 1936, Tom Kruse alipeleka barua kati ya Marree na Birdsville, akitandika mabati chini ya magurudumu ya lori lake ili livuke matuta. Mwaka 1928, mchungaji John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege huko Cloncurry. Mwaka uliofuata redio ya Alfred Traeger, iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, ikaanza kuwawezesha watu wa mashamba ya mbali kumwita daktari.

Desemba 1963, familia ya watu watano iliishiwa petroli karibu na barabara hiyo ya Birdsville. Waliliacha gari wakaenda kwa miguu, na wote watano wakafa. Tangu hapo kila msafiri wa huko huambiwa: usiliache gari lako. Gari lina kivuli na huonekana kutoka angani. Mtu anayetembea hukausha maji ya mwili wake na kuwaongezea wanaomtafuta eneo la kuzungukia. Sehemu ya Simpson iliyoko Australia Kusini hufungwa kwa wageni kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi kila mwaka, kwa sababu ya joto kali.

Gari likishatoka, mkwamuaji hodari hajazi tu upepo na kuondoka. Anakagua maji yaliyobaki, anamwonyesha dereva namna ya kupanda tuta linalofuata, anamfuata nyuma hadi ardhi ngumu. Na hamfokei. Hili ndilo ninaloliheshimu kuliko ustadi wote wa winchi. Mtu aliyeaibishwa leo, siku nyingine ataona haya kupiga simu. Atachimba mchana kutwa juani, atamaliza maji, na atakapoomba msaada atakuwa amechelewa. Anayesaidiwa kwa heshima huwasimulia wenzake kwamba wakikwama wapige simu mapema, wakae kwenye gari, wasubiri. Kwa hiyo upole wa fundi huyu ni sehemu ya kazi yenyewe, nao unastahili kufundishwa kwa vijana wanaoanza pamoja na fundo la kamba na kipimo cha upepo.