Siku Saba za Moto na Siku Sita za Kisangani

Vijana wa parokia zetu hapa Kisangani wanapenda sana katuni za Kijapani. Wazazi wengine wanatuuliza: Je, si upuuzi mtupu? Tunajibu: Nyingine ni upuuzi, bali nyingine zastahili kupimwa kwa makini. Leo tupime moja, Nausicaä wa Bonde la Upepo, kazi ya Bwana Hayao Miyazaki. Aliichora tangu mwaka 1982 hata 1994, ikawa vitabu 7. Tena mwaka 1984, hadithi ikiwa bado mwanzoni, aliifanya filamu.

Habari yake ni hii. Miaka 1000 imepita tangu Siku Saba za Moto, ambapo majitu ya vita, yaliyotengenezwa na watu wenyewe, yaliteketeza miji ya dunia. Nchi imefunikwa na msitu wa uyoga wenye hewa ya sumu, nao unalindwa na wadudu wakubwa kama nyumba, waitwao Ohmu. Nausicaä ni binti wa mtawala wa bonde dogo linalosalimishwa na upepo wa bahari.

Tulipowaonyesha vijana filamu hii katika nyumba ya mikutano, kijana mmoja aliuliza: «Mwalimu, wao siku saba, na sisi tunasikia siku sita. Siku sita hizo ni nini?» Wakubwa waliokuwapo walinyamaza. Ndipo tulipotambua ya kuwa watoto wetu hawajui. Tangu tarehe 5 hata 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa makombora, na wengi wa waliokufa ni raia wasio na bunduki.

Kwa jambo hilo filamu yasema kweli. Jeshi la Tolmekia laingia bondeni bila kuitwa. Watu wa Pejite, adui zake, wanamtesa mtoto wa Ohmu ili kundi lote la Ohmu, kwa hasira, likanyage jeshi lile pamoja na wenyeji. Nao wanasema ni kwa faida ya dunia. Sisi tulioishi kati ya wageni wawili wenye kugombana twaijua lugha hiyo.

Bali mwisho wa filamu umetushinda kuukubali. Nausicaä anasimama mbele ya kundi la Ohmu, anapigwa, anakufa. Kisha Ohmu wanamwinua kwa nyuzi za dhahabu, naye yu hai, kama ulivyosema utabiri wa kale. Vijana walipiga makofi, wakasema: «Kama Yesu!» Tuliwaambia: Ngojeni kwanza. Bwana wetu alifufuka na alama za misumari mikononi, akazionyesha. Katika filamu furaha yafuta yote, wala waliomtesa mtoto wa Ohmu hawaulizwi neno.

Vitabu havina njia fupi namna hii. Vita vinaendelea, maelfu wanakufa, na hata adui anaonyeshwa kuwa mtu mwenye kilio chake. Mwishoni, katika mji wa Shuwa, Nausicaä anagundua siri: watu wa kale ndio walioumba msitu ule ili kusafisha dunia. Wakabadili pia miili ya watu ipate kuvumilia sumu. Basi siku hewa itakapotakata, watu hao itawaua. Mahali pao wamewekwa tayari katika mayai watu wapya, wapole, wasiojua vita. Nausicaä anakataa watu wake wawe kama ufagio, wa kutumiwa na kutupwa. Hapo twamsifu, ingawa kwa kupabomoa mahali pale anaangamiza na uhai uliomo mayaini, na jambo hilo latusumbua moyo.

Kisha anarudi kwa watu wanaomngoja, anawaficha yote. Kosa la kitabu tunaliona hapo. Twajua sababu yake: anaogopa wasikate tamaa. Ni huruma. Lakini alikuwa amekasirika kwa kuwa watu wa kale waliwaamulia watu maisha yao bila kuwaambia. Sasa naye anafanya vilevile. Tumaini lililojengwa juu ya siri linamtegemea mwenye siri.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 yasema raia waliouawa katika siku zetu sita ni kati ya 244 na 760. Pimeni mwanya huo: watu 516, ambao hesabu moja inawataja na nyingine haiwataji. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita, na hasara za Kisangani zimo. Fedha yaweza kuhesabiwa. Bali majina ya marehemu nani atayataja, kama tulioona tunanyamaza kwa kuwahurumia watoto?

Basi tunawashauri vijana wasome vitabu, wasitosheke na filamu. Nanyi wazee wa Tshopo, wa Makiso na wa Mangobo, msingoje kuulizwa. Mketishe mtoto, mwambie ulikuwa wapi siku zile, na jina la yule uliyemzika. Halafu salini pamoja kwa ajili yake.