Kutunga Papo kwa Papo

Wako wadhanio kuwa shairi litungwalo papo kwa papo ni kazi ya kubahatisha, na kwamba sifa humstahili yule tu aliyekesha akiandika na kufuta. Dhana hii yawapunja malenga. Katika mashairi ya kujibizana ya Mombasa, ambako Muyaka bin Haji alivuma mwanzoni mwa karne ya 19, mwenye kujibu alifungwa na sheria za bahari: mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, na vina visivyoruhusu kuteleza. Asiye na akiba ya maneno, methali na habari za mji hakuthubutu kufungua kinywa. Hali kadhalika fundi wa jahazi aundaye bila mchoro: jicho lake huamua pale pale, lakini limefundwa kwa miaka mingi.

Basi asomaye Diwani ya Muyaka, iliyohaririwa na William Hichens na kuchapwa mwaka 1940, akumbuke kwamba kitabu huhifadhi maneno, wala hakiwezi kuhifadhi baraza iliyoyasubiri. Mhakiki apimaye tungo za kujibizana kwa ukurasa peke yake atakosa uhodari wake mkuu, nao ni kusema lifaalo kabla wakati wake haujapita.