Kichanga Mwenye Arosto: Jinsi Yale Ilivyopunguza Mofini

Heroini na methadoni anazotumia mama mjamzito hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Kitovu kikikatwa, dawa nayo inakatika ghafla, na ndani ya siku chache kichanga hushikwa na arosto. Hutetemeka, hulia kwa sauti kali, huharisha, hunyonya kwa pupa kisha hutapika.

Kwa miongo kadhaa wauguzi wa Marekani walimpima kwa jedwali lililobuniwa na Dkt. Loretta Finnegan huko Philadelphia miaka ya 1970. Kila baada ya saa chache, dalili moja moja ilipewa alama. Alama zikifika 8 mara tatu mfululizo, mofini ya kutuliza arosto ilianzishwa. Lilikuwa jambo la maana, kwani liliwapa wahudumu kipimo kimoja. Lakini jedwali huhesabu hata chafya na miayo, ambavyo havimdhuru mtoto yeyote, na lina alama za mtetemo anaoutoa akisumbuliwa. Yaani kumpima kwenyewe humharibia utulivu anaouhitaji!

Katika hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, Dkt. Matthew Grossman na wenzake waligeuza maswali. Je, mtoto ananyonya vizuri, au anakunywa angalau mililita 30 za maziwa? Anaweza kulala saa nzima bila kukatizwa? Akilia, anatulia ndani ya dakika 10 akibembelezwa?

Jibu likiwa hapana, hawakukimbilia chupa ya dawa. Taa zilipunguzwa, kelele zikakatwa, mtoto akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi na kunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Hayo yakishindikana ndipo alipopewa dozi moja ya mofini, kisha akaangaliwa upya. Kazi ngumu zaidi ilimwangukia muuguzi: kumfundisha mama, ambaye pengine alizoea kutazamwa kama mkosaji, kwamba yeye ndiye tiba ya kwanza. Kwa hiyo mama na mtoto walilazwa chumba kimoja.

Matokeo yalichapishwa 2017. Wastani wa siku za kulazwa ulishuka kutoka 22.4 hadi 5.9, na waliopewa mofini wakapungua kutoka asilimia 98 hadi 14. Mwenye shaka angesema hiyo ni hospitali moja iliyobadilisha mambo mengi kwa mpigo, na angekuwa na hoja. Ila utafiti wa hospitali 26 za Marekani, uliotolewa 2023, ulielekea kulekule: watoto waliohudumiwa kwa njia hii walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 badala ya 14.9.

Tanzania nayo inatoa methadoni ya kutibu uraibu wa heroini katika hospitali ya Muhimbili tangu 2011, na baadhi ya wanaoitumia ni wanawake wa umri wa kuzaa. Maswali matatu hayahitaji mashine. Kinachohitajika ni kitanda cha mama kando ya mwanawe, na muuguzi anayekumbuka kwamba si kila mtetemo ni arosto: sukari ya damu hupimwa kwanza, na maambukizi hutafutwa.