Chausiku Yuko Wapi? Neno juu ya Kinjeketile

Wahakiki wengi wa Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapwa mwaka 1969, huanza na maji na kumalizia na maji. Sina ugomvi nao. Ila mimi namwulizia Chausiku, binti wa Kitunda. Kwenye semina zetu anatajwa mara moja, basi, tunahamia kwa wazee.

Huyu ni kijana aliyekua chini ya Mjerumani. Msimamizi anapomkamata, baba yake hapigani, tena anawazuia wenzake, kwa sababu kuna bunduki. Wengi darasani humwita Kitunda mwoga. Nakataa. Watu wanapoyapokea maji na kutaka kuvamia hapo hapo, ni Kitunda huyo huyo anayeng'ang'ania mazoezi kwanza. Hesabu yake haijabadilika: bunduki. Busara tunayoisifu kwa jemadari ndiyo hiyo hiyo tunayoilaani kwa baba, na aliyeilipia ni msichana.

Mimi ni mtoto wa Bariadi. Kwetu Simiyu pamba ndiyo ada ya shule na bati la nyumba; tunagombana na bei na mizani, shina hatuling'oi. Kwa hiyo niliposoma mara ya kwanza sikuielewa hasira ya Wamatumbi walioing'oa mipamba pale Nandete, Julai 1905. Historia ndiyo iliyonifungua macho. Katika mashamba ya pamba yaliyosimamiwa na majumbe kuanzia 1902, mtu alidaiwa siku 28 za kazi kwa mwaka, na malipo ya awali yalikuwa senti 35. Wapo waliozikataa hizo senti. Hebu fikiria, ndugu msomaji: siku hizo zote shamba la nyumbani lilibaki na nani, kama si kina Chausiku na mama zao?

Hapo ndipo ninapomlaumu Hussein. Ametupa uchungu wa Chausiku, fikra zake hakutupa. Kinjeketile anapokataa kuyakana maji huku kifo kinamsubiri, tunajua kwa nini. Binti anamfikiriaje baba yake? Hatujui. Nitaambiwa jukwaa halimbebi kila mtu. Sawa, lakini nafasi ipo hata bila kuongeza neno. Siku tutakapoiigiza hapa chuoni, ningeomba Chausiku asiondoke: akae pembeni, kimya, akimtazama baba yake anavyowafundisha vijana wa watu kupigana.