Moshi, Mvuke na Kanieneo: Tahakiki ya Istilahi za Injini Ndogo ya Mvuke

Istilahi hupimwa kazini. Orodha ya maneno yaweza kupendeza mezani pa mfasiri, lakini mwamuzi wake wa mwisho ni yule anayeyatumia kuunda kitu. Makala haya yanachukua kitu kimoja, yaani injini ndogo ya mvuke inayoweza kuundwa kwa mabomba ya shaba na vyuma chakavu vya baiskeli, na kuuliza: je, fundi wa Bariadi akipewa maelezo yake kwa Kiswahili, maneno yatamwongoza au yatampoteza? Mkoani Simiyu kuni za kazi hiyo si haba, kwani baada ya mavuno wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma mashina ya pamba ili kuangamiza wadudu. Kinachotakiwa ni maelezo yanayoeleweka.

Tuanze na jina lenyewe. Reli ya kutoka Tabora, iliyofika Mwanza mwaka 1928, hupita Malampaka wilayani Maswa, na watu waliita chombo kilichopita juu yake gari la moshi. Jina hilo lilitokana na kilichoonekana. Halina kosa kama jina la kawaida, na limedumu hata baada ya dizeli kushika nafasi ya mvuke. Lakini mfasiri anayeandika "injini ya moshi" anapotosha, kwa kuwa moshi ni taka ya moto. Kinachosukuma ni mvuke. Stima nayo haitufai: neno hilo lilitoka katika jina la Kiingereza la mvuke, likaitwa meli, kisha nchini Kenya likawa umeme. Tubaki na "injini ya mvuke".

Chombo kinachozalisha mvuke huo baadhi ya tafsiri hukiita "chombo cha kuchemshia maji". Maelezo hayo yanafaa sufuria pia, na sufuria haimdhuru mtu kwa kupasuka. Bwela ni chombo kilichofungwa, na kule kufungwa ndiko kunakoleta nguvu na hatari. Neno bwela, ingawa ni la mkopo, linabainisha kitu kimoja tu. Vivyo hivyo, "vali salama" si sawa na "vali ya usalama". La kwanza linasifu vali kwamba haina hatari. La pili linataja kazi yake, yaani kufunguka yenyewe na kutoa mvuke kabla bwela halijazidiwa. Herufi chache zilizoachwa zaweza kumfanya msomaji adhani amenunua vali bora, kumbe hana kinga yoyote.

Kiini cha mjadala ni neno kanieneo. Wako wanaolipinga kwa kusema kwamba ni la darasani, na kwamba katika lugha ya kila siku kani ni ukaidi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, tutazame maneno yanayopendekezwa badala yake. Presha kwa wengi ni ugonjwa. Shinikizo hutukumbusha damu au siasa. Msukumo hautofautishi kani na kanieneo. Tofauti hiyo si ya wanafizikia peke yao. Chukua mvuke wenye kanieneo ya newtoni 20 kwa kila sentimita ya mraba kuzidi hewa ya nje. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 2.5 ina eneo la karibu sentimita za mraba 4.9, hivyo husukumwa kwa newtoni 98, sawa na uzito wa kilo 10. Mvuke huohuo, ukigusa ubavu wa bwela wenye sentimita 20 kwa 30, huusukuma kwa newtoni 12,000, uzito unaozidi tani moja. Kanieneo ni ileile. Kilichobadilika ni eneo. Fundi anayesoma "msukumo" ataona pistoni ikienda polepole, adhani ubavu wa bwela umebeba mzigo mdogo vilevile. Neno kanieneo, kwa viungo vyake viwili, linamwonya.

Kwa sababu hiyohiyo maelezo yaseme wazi kwamba bwela hujaribiwa kwanza kwa maji baridi yaliyojazwa hadi hewa yote itoke, kisha kusukumwa kwa pampu kupita kanieneo ya kazi. Maji hayatanuki ghafla kama mvuke. Likipasuka, huvuja tu.

Kwa sehemu nyingine hatuoni haja ya kubuni. Silinda, pistoni, konrodi na krenki zimo vinywani mwa mafundi. Hata fundi wa baiskeli anaijua krenki. Ila "gurudumu tegemeo" haliridhishi, maana gurudumu hilo halitegemezi kitu. Hutunza mwendo na kuivusha pistoni inapofika mwisho wa safari yake. Twapendekeza "gurudumu tunzamwendo".

Kanuni inayojitokeza ni hii: kitu kinachoshikika kipewe jina alilonalo fundi, dhana isiyoonekana ipewe jina linaloifafanua. Mwalimu aruhusu presha katika mazungumzo, lakini katika maandishi kanieneo itangulie na ielezwe. Mtumishi anayetayarisha maagizo ya usalama naye asome rasimu yake mbele ya fundi mmoja kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa. Fundi huyo akiuliza swali, rasimu haijakamilika.