MF 135 na Trela la Kubinua: Oili Itoke Wapi?

Mwenye Massey Ferguson 135 Muhoroni hali kwa plau pekee. Kazi ya kulima ikipungua, hufunga trela abebe mchanga, mawe na samadi, kisha vibarua wa kushusha kwa sepetu wanakula faida. Ndipo fundi anapoulizwa kama trekta hii inaweza kubinua trela.

Inaweza. Swali zito ni oili itoke wapi.

MF 135, iliyotengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, ilirithi mfumo wa Harry Ferguson. Pampu yake ya pistoni nne imezama ndani ya oili ya giaboksi na huzungushwa na shafti ya PTO. Vali yake iko upande wa kuvuta, kwa hiyo mikono ya nyuma ikifika pale wenzo ulipoielekeza, oili hukatwa. Kwa plau, huo ni ubunifu wa ajabu. Kwa trela ni kikwazo: ukifunga hozi kwenye tundu la oili la mfuniko wa lifti, mikono hupanda kwanza, na ikifika juu pampu inanyamaza, trela bado limelala. Wengine huifunga mikono kwa mnyororo. Siikubali njia hiyo, maana mnyororo ukikatika mikono inaruka kwa nguvu zote za pampu. Heri vali ya kuizimia mikono oili.

Tupige hesabu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 10, kwa presha ya psi 2,500, inasukuma karibu tani 14. Nguvu ipo. Ikirefuka mita moja inameza takriban lita 8. Pampu ikitoa lita 15 kwa dakika, ni nusu dakika tu. Lakini lita hizo zimetoka kwenye giaboksi lenye karibu lita 30, na zinarudi humo humo, pamoja na vumbi lililonata kwenye ncha ya hozi. Uchafu huo unakula gia na pampu, na kuifikia pampu ile ni kufungua mgongo wa trekta.

Ndiyo maana naipendelea pampu ya gia ya nje, ichomekwe kwenye PTO, iwe na tangi lake, filta na vali ya kupunguza presha. PTO huzunguka mara 540 kwa dakika. Giaboksi dogo la kuongeza kasi mara tatu huifikisha 1,620. Pampu ya sentimita za ujazo 16 kwa mzunguko itatoa karibu lita 26 kwa dakika, na silinda ile itarefuka kwa sekunde 18. Msitamani kubwa zaidi. Kwenye udongo mweusi wa Nyando gurudumu moja huzama, na trela linalopanda haraka hupinduka kabla dereva hajageuza shingo.

Klachi nayo iangaliwe. Ya hatua mbili ikikanyagwa nusu, trekta husimama na PTO huendelea. Ya hatua moja husimamisha vyote, hivyo gia iwekwe huru kabla trela halijaanza kupanda.