Dakika Tatu Kabla ya Mlipuko

Mikono miwili inatega saa ya bomu. Uso hauonekani. Kivuli kinakimbia ukutani, bomu linaingizwa kwenye buti la gari, kisha mwanamume na mwanamke wanapanda gari hilo na kuondoka huku wakicheka. Kamera inapaa juu ya mapaa, inashuka, inarudi nyuma mbele ya gari, na kwa zaidi ya dakika tatu shoti haikatwi hata mara moja.

Hivyo ndivyo inavyoanza Touch of Evil, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1958, na kila ninapoitazama nazidi kuistahi kazi iliyofanyika pale. Mtaa ule wa mpakani mwa Mexico ulipigwa picha Venice, California, kamera ikiwa juu ya kreni, chini ya mpigapicha mkuu Russell Metty. Ila kreni si siri ya ustadi wa ufunguzi huo. Siri ni jinsi Welles anavyolichelewesha gari. Askari analisimamisha, mbuzi wanakatiza barabara, foleni ya forodha inasogea polepole. Maharusi wawili wanatembea kando, mara wako mbele ya gari, mara gari liko mbele yao, na sisi tunaojua kilichomo kwenye buti tunatamani kuwapigia kelele waondoke. Pale kizuizini, mwanamke aliye garini analalamika kwamba anasikia mlio wa saa kichwani mwake. Hakuna anayemsikiliza.

Universal waliweka juu ya picha hizo majina ya watengenezaji na muziki wa Henry Mancini. Muziki ni mzuri, lakini Welles alitaka tusikie mtaa wenyewe, akalieleza hilo katika waraka wa kurasa 58 aliouandikia studio. Mwaka 1998, zaidi ya miaka kumi baada ya kifo chake, mhariri Walter Murch aliufuata waraka huo. Aliyaondoa majina, akaacha muziki wa vilabu upokezane na redio ya gari. Tangu hapo sikio linalifuatilia bomu hata jicho linapolipoteza, na kwangu huo ndio ufunguzi halisi.

Ufunguzi wa namna hiyo unaweza kujaribiwa hata shuleni. Wanafunzi wa Uingereza waliosoma masomo ya vyombo vya habari chini ya bodi ya mitihani ya OCR waliwahi kupewa zoezi la kutengeneza ufunguzi wa filamu mpya, pamoja na majina yake, usiozidi dakika mbili. Wengi walichagua taharuki, nami naona walichagua vema, kwa sababu kanuni zake hazidai fedha. Mkono usio na uso, taa moja ya pembeni, ukumbi mrefu wa shule baada ya saa za masomo: vyote hivyo vinapatikana. Kinachodai uvumilivu ni kupanga nani ajue nini, na lini. Mwanafunzi akimwonyesha mtazamaji kisu kwenye droo, kisha akamwacha mhusika atafute kijiko bila haraka, ameshika kile alichoshika Welles. Majina yenyewe huhitaji nafasi, kwa hiyo anayejua kazi hupima fremu tangu anapopiga picha na kubakiza upande wenye giza ili yakae humo bila kuufunika mkono unaofungua droo.